Nilivyopunguza matusi kwenye grupu letu la wafugaji

Ukiwa admini wa grupu la wafugaji wa kuku, kuna swali utalisoma mpaka uliote: "Wakuu habari, kuku wangu wanahara, nitumie dawa gani?" Kwetu jibu lilikuwa "Panda juu usome, hapa si chekechea", na emoji za kucheka zinafuata. Mgeni ama anarudisha tusi, ama anajitoa kimya kimya.

Maadmini wenzangu walitaka tufunge, tuandike sisi peke yetu; WhatsApp inaruhusu hilo tangu 2018. Nilikataa. Grupu ambalo mfugaji hawezi kuuliza linabaki kuwa la matangazo ya vifaranga, na hayo tunayo tele.

Nikarudi nyuma kusoma mabishano ya zamani, nikiwaangalia zaidi wanaotukana. Wengi hawakuwa wahuni. Ni wafugaji wazoefu waliochoshwa na swali lisilojibika. Maana kuhara kupi? Vifaranga wa wiki tatu au nne wakihara damu, unafikiria koksidiosi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, nao una dawa. Kinyesi kikiwa cha kijani na kuku anapinda shingo, huo huenda ni mdondo, na mdondo ni virusi. Antibiotiki utapoteza hela tu. Mgeni hajui kwamba ameacha kusema lililo muhimu. Mzoefu anaona mvivu.

Basi kila anayeingia nikawa namtumia ujumbe mfupi: ukipata kuku mgonjwa, taja umri wake, rangi ya kinyesi, wangapi wamekufa na tangu lini, chanjo gani wamepata na lini. Weka na picha. (Simu yangu imejaa picha za vinyesi; nyumbani wameshazoea.) Hilo la tarehe ya chanjo ndilo lililofumbua mengi. Mtu anaapa kuwa alichanja mdondo, ukimbana anasema mwaka jana, wakati ile ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi mitatu.

Alibaki mzee mmoja, mjuzi kweli, mwenye ulimi wa pilipili. Kumkemea mbele ya watu nisingethubutu, na ningempa watazamaji bure. Nilimpigia. Baada ya shikamoo na habari za mifugo nikamwomba maswali ya kulea vifaranga yawe yake. Akasema, "Sawa mwanangu, lakini asiyetaja umri msimlete kwangu." Tukakubaliana: kijana mwingine ndiye anayewauliza wageni maelezo kwanza, mzee anakuja baadaye. Ukali wake haujaisha, ila siku hizi unaishia kwenye banda chafu na taa isiyotosha joto.

Si kila mgeni ni wa kubembelezwa, lakini. Mmoja aliingia akiuza "dawa ya mdondo" ya chupa, na aliyehoji aliitwa mchawi wa biashara za watu. Nilifuta tangazo lake, kitu ambacho admini anakiweza tangu 2022, nikamweleza sababu inboksi. Akanijibu matusi. Nilimtoa bila kutangaza, na aliyeniuliza nilimjibu pembeni.

Mechi ya Simba na Yanga ndiyo bado imenishinda. Siku hiyo nafunga grupu mpaka asubuhi.