Jinsi nilivyomwachisha chupa mtoto wa nguruwe

Alikuwa na wiki tatu, na chakula kikavu alikipita kama hakioni. Alitaka chupa tu, kelele zake hadi jirani anachungulia. Kosa lilikuwa langu: nilimwekea punje kavu, ilhali yeye alijua maziwa ya vuguvugu. Nikachukua sahani bapa, nzito asiweze kuipindua, nikamimina maziwa, nikachovya kidole akakinyonya huku nikikishusha taratibu. Pua ikazama, akapiga chafya, kisha akaanza kubugia! Kesho yake nikaloweka chakula cha watoto wa nguruwe kwenye maziwa, uji mwepesi, nikawa nauongezea uzito kidogo kidogo. Alipoharisha nilirudia ule mwepesi siku mbili. Maji safi hayakukosekana. Wiki ya sita chupa ikaenda kabatini.