Tazama pale ilipokatikia

Jana nimevuta silinda tano za majaribio, kupima jinsi mpako wa seramiki unavyoshika chuma. Nne zimekatika kwenye megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 38, 41, 42 na 44. Ya tano imeachia kwenye 11, kwa mlio mdogo tu, kama kifuniko cha kopo.

Kwenye karakana yetu tunapulizia oksidi ya kromiamu, ambayo ni seramiki, kwenye bushi za shafti za pampu. Unga wake unapita kwenye plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme, yenye joto la zaidi ya nyuzi 10,000, unayeyuka, unagonga chuma na kutandazika kama vichapati vyembamba, kimoja juu ya kingine. Ugumu wake napima kwa ncha ya almasi, na huo haujawahi kunisumbua. Kinachoninyima usingizi ni kushika kwa mpako kwenye chuma.

Ili kupima kushika, tunapulizia silinda ya chuma ya kipenyo cha milimita 25.4, tunaibandika kwa gundi ya epoksi kwenye silinda nyingine, tunazitia kwenye oveni, kisha mashine inazivuta polepole mpaka ziachane. Kiwango cha ASTM C633, mwongozo wa kipimo hiki, kinataka silinda tano, na mpako unaozidi unene wa milimita 0.38. Seramiki hii ina vitundu. Ikiwa nyembamba, gundi hupenya hadi kwenye chuma, nawe unapima gundi ukidhani unapima mpako.

Ndiyo maana kabla ya kuandika namba nageuza silinda nitazame uso. Ikikatika gundi yenyewe, nimejua tu kwamba mpako unavumilia zaidi ya hapo. Seramiki ikibaki pande zote mbili, imepasuka kati ya vichapati vyake. Hizo nne zilikuwa hivyo.

Ya tano ilikuwa chuma kitupu karibu nusu nzima. Chini ya hadubini nikaona doa la umbo la yai, upana wa kidole gumba. Baada ya chuma kupigwa mchanga, mtu alikishika bila glavu. Mimi ndiye niliyezipanga kwenye trei asubuhi ile.

Mwenzangu alishauri tuiondoe, tuandike wastani wa nne, 41. Ukiiweka ya tano, wastani unashuka hadi 35. Nimekataa. Bushi sita zilipita kwenye trei ileile, na pampu haitachagua ipi nilishika. Nimeandika namba zote tano, kila moja na picha ya uso wake.

Bushi zimerudi kupigwa mchanga upya. Jumanne navuta tano nyingine, na boksi la glavu sasa liko juu ya trei.