Siku moja maishani mwangu: mi ndo nalinda chemchem chini ya mteremko, Newala

Watu wakinikuta nimekaa chini ya mti karibu na chemchem wanadhani nimekuja kupumzika. Jirani yangu mmoja aliwahi kuniuliza kabisa, "Mama, we unalipwa kwa kukaa kivulini?" Iliniuma. Kwa hiyo nawaandikia siku yangu ya Jumanne, mwezi huu wa kumi, kama ilivyokuwa.

Saa 10 usiku naamka. Chai ya mkandaa, ming'oko (vile viazi vya porini) iliyolala, tochi, panga, kamba yangu, naanza kushuka.

Kwa asiyepajua kwetu: tunaishi juu kwenye uwanda wa Makonde, ukingoni, ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Pazuri sana, ila juu huku mto hamna. Ardhi ni mchanga, mvua ikinyesha inanywewa yote, inashuka pole pole huko ndani mpaka ikutane na tabaka gumu lisilopitisha maji, ndo inatafuta pa kutokea chini ya mteremko. Wazee wetu walipanda huku karne ya 19 wakiwakimbia wateka watumwa na vita vya Wangoni, vichaka vikawaficha, lakini maji wakawa wameyaacha bondeni. Bibi yangu alikuwa anashuka usiku, anarudi jua limeshatoka na mtungi mmoja kichwani, huo mmoja ndo wa kupikia, kunywa na kuoga nyumba nzima. Na hata leo maji ya bomba ya mradi wa Makonde yanasukumwa na pampu toka visima vya bondeni kule Mitema. Mashine ikisimama, wote tunarudi kwenye njia ya bibi.

Saa 12 asubuhi foleni imeshafika kwenye mwembe. Kitu cha kwanza nafungua mfuniko wa tangi la chemchem nazamisha kijiti changu. Ni fito nimeichonga alama kwa kisu, maji yakifika alama ya juu kabisa ni Aprili, mvua zimekolea. Jumanne hii yalikuwa alama ya nne kutoka juu, chini kidogo ya wiki iliyopita. Nikanusa, nikaangalia kama yana tope, safi kabisa. Watoto wa foleni ile wengi hawaumwi matumbo kama tulivyokuwa tunaumwa sie tuliokunywa ya kwenye madimbwi, na mi hilo najivunia, nalisema bila aibu.

Saa 2 na nusu nazunguka msitu. Nikamkuta mama mmoja anachimba ming'oko, nikamwambia shimo ulifukie na kile kichwa cha mzizi ukirudishe, kitachipua mvua zikija. "Haya mwanangu," akafukia. Ule msitu ndo unatupa mboga za porini, dawa ya mizizi, asali, kuni zilizokauka zenyewe. Hatukatazi hivyo vyote, ndo maana mtu akisema tumefunga msitu nakasirika.

Saa 3 na robo nikasikia msumeno wa mashine.

Jamani. Nimekimbia, na umri huu. Nakuta kaka mmoja wa mjini, kanunua shamba la mtu hapo pembeni, yuko na vijana wawili, anataka kusafisha apande mikorosho mpaka kwenye korongo la chemchem. Mti mmoja ulikuwa ushalala, majani bado mabichi. Nikamsalimia vizuri, nikamwambia kaka yangu hapa huruhusiwi. Akasema ana karatasi. Nikamwambia karatasi ni ya shamba, sio ya korongo, sheria ya mazingira ya 2004 inataja mita 60 toka ukingo wa mto, ziwa na bwawa, na sheria ndogo ya kijiji chetu inatumia mita hizohizo kwenye chemchem. Akasema haya pima. Nikatoa kamba yangu ina fundo kila mita 10, tukapima, kijana wake kashika mwisho mmoja. Mara anataka tuanzie kwenye koki, sio kwenye jicho la chemchem, kwa sababu koki iko mbali kule chini kwa hiyo kwa hesabu yake yeye yuko nje. Tukapima tena. Mara kamba imelegea. Tukapima mara ya tatu, jua kali, sijaweka kitu tumboni toka ile chai, na muda wote huo anapokea simu ananionyesha kidole nisubiri. Mtu mzima unaonyeshwa kidole!

Halafu ndo akasema neno ambalo nalisikia kila mwaka: "Dada, hii miti ndo inakunywa maji yenu, mkiikata yataongezeka."

Sikumkatalia lote. Miti inakunywa kweli, na mikaratusi chanzoni ni balaa, asiipande mtu. Ila nikamwomba kitu kimoja tu, anifuate. Nikachota madumu mawili ya lita tano. La kwanza nikamwaga pale juu kwenye mteremko uliochomwa mwaka jana, udongo umekauka na kujifunga. Maji hayakuingia, yalikimbia chini yamebeba mchanga mwekundu mpaka yakamlowesha viatu. La pili nikamwaga chini ya kichaka, kwenye majani yaliyooza. Yakapotea pale pale, bila hata mchirizi. Nikafukua kwa mkono, chini ya majani panafukuta unyevu, vizizi vyembamba kama nywele, mwezi wa kumi huu! Nikamwambia maji unayoyaona kwenye koki yaliingilia hapa, sio kwenye koki. Ukipatoa hapa, mvua ya Januari yote itashuka siku moja na udongo wako na mikorosho yako, na mwezi kama huu hatutakuwa na kitu.

Akanyamaza kidogo. Sisemi alikubali, alisema ataenda kwa mwenyekiti. Aende. Vijana wake walizima mashine, mmoja akaniomba maji ya kunywa nikampa.

Ilikuwa imepita saa 6 na nusu, nikala ming'oko yangu imeshakauka. Najua hili sio letu peke yetu. Dar es Salaam wanakunywa Ruvu, na Ruvu maji yake yanatoka milima ya Uluguru, mtu wa Kariakoo hajui kuna mtu huko juu analinda kichaka kwa ajili yake. Umoja wa Mataifa wanasema nusu ya watu duniani wanategemea maji safi yanayotoka milimani, mpaka wakaiweka tarehe 11 Desemba iwe siku ya milima.

Mchana sijui ilikuwa saa nane au tisa, moshi. Mtu anaandaa shamba kachoma kashindwa kuuzuia moto, upepo unauleta kwetu. Tukapanda kinamama sita na vijana wanaobeba maji kwa pikipiki, tukaupiga kwa matawi mabichi, wengine wanakwangua njia ya moto kwa majembe. Kifua kinawaka, macho hayaoni, unapiga tu. Ulizimwa. Sehemu kama uwanja wa mpira ikaungua majani yote ya chini, na nilipoona ule weusi niliwaza dumu la kwanza, lile lililokimbia. Mwenye moto hakutokea.

Baada ya hapo nilikaa chini. Kama kuna aliyepita wakati ule akaniona kivulini, ndo alinikuta hapo.

Jioni nikazamisha kijiti tena, alama ya tano. Usiku yatapanda kidogo, huwa yanapanda watu wakiacha kuchota. Nikafunga mfuniko, nikaweka kufuli, nikapanda mlima na ndoo moja kichwani kama mtu yeyote. Magoti yalikuwa yanatetemeka, nilipumzika mara nne njiani.

Nyumbani giza. Katika ile ndoo, ya kupikia yakatoka, ya kunywa yakatoka, ikabaki robo. Nikamwachia binti anayeenda shule asubuhi aoge. Mi nikanawa uso na miguu, moshi ukiwa bado kwenye nywele, nikaseti simu saa 10.