Jogoo wa Shukrani

Pasaka ya mwaka 2018 iliangukia tarehe 1 Aprili. Tarehe hiyo ishike, tutaihitaji mbele.

Nilikuwa naingia mwaka wa tatu nyumbani. Nilimaliza shahada ya ualimu mwaka 2015, Historia na Kiswahili, nikarudi kijijini kwetu upande wa Rungwe kungoja kupangiwa kituo. Waliotutangulia, wa 2014, hawakungoja hata mwaka, kwa hiyo na mimi nikashona suruali mbili za kitambaa kabisa. Mwaka 2016 ajira mpya zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, ukafuata wa vyeti. Mlango ulipoanza kufunguka 2017, wakatangulizwa wa sayansi na hisabati. Sisi wa masomo ya sanaa tukaambiwa tuwe na subira. Subira ilikuwepo. Suruali moja iligugunwa na panya.

Kijiji kizima kiliniita Mwalimu. Ukipita na mkungu wa ndizi begani, jembe mkononi, mzee mmoja anaitikia shikamoo yako halafu anauliza, "Mwalimu, bado tu?" Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ila nilianza kupita njia ya nyuma, katikati ya mashamba ya chai.

Mama alikuwa na jogoo mwekundu. Alimnunua akiwa kifaranga mwezi ule niliorudi kutoka chuo, akatangaza kwamba huyo haguswi. "Ni wa shukrani. Siku jina lako likitoka tunamchinja, tunawaita wote waliokuombea." Tangu hapo wageni wamekuja wakala maharage huku jogoo akipita mlangoni na kuwatazama. Hata baba alipofariki mwishoni mwa 2016, na nyumba imejaa watu, jogoo alipona. Akazeeka. Kucha zikawa ndefu, sauti ikakauka, akawa anawika saa nane usiku kama mtu aliyechanganyikiwa na ratiba.

Kwa upande wangu, kanisani nilikuwa naenda. Niliimba besi, na besi tulikuwa wawili tu, nisipokwenda inaonekana. Lakini kuomba nyumbani nilikuwa nimeacha. Sikugoma. Nilichoka tu kuisikia sauti yangu ikirudia jambo lile lile.

Sisi Wamoraviani Pasaka hatuianzii kanisani, tunaianzia makaburini, kabla hakujapambazuka. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipokwenda kuimba kati ya makaburi wakingoja jua, na kanisa ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891 bado linaishika. Taabu ni kwamba Aprili ya Rungwe ni masika yenyewe. Ukungu unashuka kutoka mlimani, mtu aliye hatua kumi humwoni, unamsikia akikohoa. Unaweza kulingoja jua la Jumapili ukaja kuliona Jumatano.

Saa kumi na moja tulikuwa tumeshafika, kila ukoo umesimama penye watu wake. Mama alijifunga kitenge kichwani, kingine mabegani, akainama kung'oa majani kwenye kaburi la baba huku anaimba. Mpiga tarumbeta alikuwa akimaliza kila ubeti anaipindua kumwaga maji ya mvua. Mchungaji akasoma Luka 24, wale wanawake wanatoka kaburini na habari, na mitume wanaona wanasema upuzi. Akaita, "Bwana amefufuka!" Tukajibu kutoka ndani ya ukungu, "Amefufuka kweli kweli!" Jua halikuonekana. Weusi uligeuka kijivu, kijivu kikageuka cheupe, basi, tukajua kumekucha.

Makaburi yetu yako kilimani, na huko ndiko mtandao unakoshika vizuri kuliko mahali pote kijijini. Watu wanaanza kutawanyika, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mwenzangu tuliyesoma naye: "Hongera Mwalimu! Majina yametoka usiku. Umepangiwa Kakonko."

Kakonko, kule Kigoma. Sikuwahi kufika. Asubuhi hiyo nikaiona kama Kanaani.

Nilimshika Mama mkono nikamwonyesha simu, ingawa hana miwani. "Nimepata." Hakupiga vigelegele. Aligeuka tena kwenye kaburi, akalipigapiga udongo kama anavyoamsha mtu aliyelala, akasema taratibu, "Baba yake, mtoto amepata." Kisha kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Kyala," yaani asante, Mungu, mara tatu au nne. Nililia. Besi mwenzangu naye akalia, bila kujua tunalilia nini.

Tuliporudi kutoka ibada ya pili jogoo alishachinjwa, akina mama wa kikundi cha maombi wameitwa, ndizi zinamenywa. Nikapanda tena kilimani kutafuta mtandao, niione orodha kwa macho yangu. Nikamwandikia mwenzangu anitumie. Alijibu kwa vicheko vingi: "Leo tarehe ngapi, Mwalimu?"

Siku ya Wajinga.

Nilikaa juu ya jiwe mpaka mvua ikanilowesha. Nilimtukana, kisha nikamtukana mtu mwingine ambaye sitamtaja, na makaburini ni mahali pabaya pa kumtukania Huyo.

Nilimwambia Mama jikoni, moshi umejaa, wageni wamekaa sebuleni. Aliendelea kukoroga. Akaonja chumvi. "Wameshafika," akasema, "na jogoo yuko chunguni." Nikamwambia basi tuwaambie waende. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikirudisha mtihani mbovu. "Yesu amefufuka au hajafufuka?" Nikasema amefufuka. "Basi beba sahani."

Mwenyewe ndiye aliyewaambia, baada ya sala, kabla ya kula: habari ile haikuwa kweli, karibuni chakula. Kikapita kimya kifupi. Bibi mmoja akasema, "Basi na sisi tumekuwa mitume kinyume, tumeamini upuzi," wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nyama ilikuwa ngumu kama kandambili, saa nne motoni na bado inavutana na meno. Nilikula shingo. Nilicheka na mimi, nikiwa wa mwisho.

Jumatatu ya Pasaka Mama alikwenda makaburini peke yake. Nilijua anakwenda kumrekebishia baba ile habari, sikumfuata.

Ajira ilikuja baadaye sana, na haikuwa Kakonko. Ninachokumbuka ni Alhamisi ya wiki ile, Mama anarudi kutoka sokoni Tukuyu na mvua yote mgongoni, anafungua kanga kifuani na kutoa kifaranga, chenye joto, kinalia. Akakiweka chini karibu na moto.

"Huyu haguswi," akasema.