Kumbukumbu ya mradi: kuzamia Ngazidja, ratiba imeanza kukaa

Tiketi bado tunachanga polepole, Entebbe–Dar–Hahaya (uwanja wa ndege wa Ngazidja), ila mahali pa kuzamia, yaani kupiga mbizi na mtungi wa hewa, tulishaamua, ni visiwa vya Komoro, tuanzie Ngazidja na hela ikibaki tuvuke Mwali. Tunalenga mwisho wa Septemba, kabla kaskazi haijaleta mvua na vimbunga, na nyangumi bado wanapita.

Wiki hii mabishano yalikuwa kuhusu mlima. Dada yangu anakaa Mbale, Elgon ameshapanda mpaka Wagagai, sasa anataka tuzamie kwanza halafu tumalizie na Karthala ndo turudi nyumbani. Nikamwambia hapana dada, mlima unatangulia, na hapo sitoki.

Karthala ni volkano hai hapo Ngazidja, ililipuka 2005 na tena 2006, lakini mimi kinachonihangaisha ni urefu wake, mita 2,361. Ukizama baharini, kila mita 10 presha inaongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu yetu pale ufukweni, kwa hiyo naitrojeni ya kwenye mtungi inaingia kwenye damu na kwenye nyama za mwili, na kutoka inatoka taratibu sana. Ukienda juu kabla haijaisha inafanya mapovu humo ndani, kama soda ukiifungua ghafla, na mapovu hayo yanaweza kukupoozesha au kukuua. Watu wanakumbuka habari ya ndege tu, kwamba ukizamia siku kadhaa subiri angalau masaa 18, kumbe presha ya ndani ya ndege inawekwa isishuke chini ya ile ya mlima wa mita 2,400 hivi, na kilele cha Karthala kiko karibu hapo hapo! Kupanda kwa miguu hakukuokoi.

Na sisi wa Kampala nyumbani kwenyewe ni kama mita 1,200. Ndo maana hata ziwa Nyanza (Victoria) huwezi kuzamia na jedwali za baharini, zile za kupangia kina na muda wa kuzama, hivi hivi, zinataka kurekebishwa, halafu kando ya ziwa kuna kichocho, basi mazoezi tunafanya bwawani.

Kwa hiyo ratiba iko hivi: tukifika tunapumzika, tunapanda Karthala siku mbili na mwenyeji anayejua njia, tunashuka, ndo bahari inaanza. Siku ya mwisho nzima hakuna kuzama, tunatembea Moroni tu na kula samaki.

Sehemu inayoninyima usingizi kwa hamu ni ukuta. Ngazidja imejengwa na volkano kutoka chini kabisa kwenye kilindi, hivyo ukitoka ufukweni kidogo tu bahari inadidimia, na lava ya zamani imeacha mapango huko chini. Mchana ndimo anapolala gombesa, yule samaki ambaye wataalamu walidhani alishatoweka tangu enzi za dainosa. Mwaka 1987 mtafiti Mjerumani Hans Fricke alimpiga picha hapo hapo Ngazidja akiwa kwenye nyambizi ndogo. Anakaa mita 150 na zaidi, sisi cheti chetu mwisho mita 18, hatutamwona. Mimi kuelea juu ya huo ukuta nikijua yuko chini yangu kunanitosha.

Bado bima, tunatafuta inayolipia kuzamia na matibabu ya chumba cha presha, kile cha kutibu mapovu yale, nyingi za kawaida hazigusi hayo. Kadi ya homa ya manjano tunazo wote. Dada amekubali mlima uanze, ila anasema huko juu anaongoza yeye, sawa tu. Jumamosi anakuja na basi ya asubuhi, tutarudia zoezi la kutoa maji kwenye miwani mpaka litoke bila haraka.