Saa moja na nusu nafunga mlango wa uani

Leo ni usiku wa 19 paka wangu Chausiku analala ndani, na mpaka naandika hapa moyo wangu haujatulia kama namfanyia wema au namtesa. Saa hizi ni saa nne na kitu, umeme upo, feni inazunguka, mwanangu kashalala, na yeye kakaa pale dirishani mkia kauzungushia miguuni anaangalia mkorosho wa nje. Komba wameanza kulia. Kila komba akilia sikio lake la kushoto linageuka lenyewe kuelekea huko, kichwa hata hakitikisiki. Nimemwita mara mbili, wapi.

Tunakaa Kigamboni, huku ndani kabisa ambako viwanja vingi bado ni vichaka na mikorosho, nyumba moja hapa nyingine kule. Tulivyokuwa Magomeni paka alikuwa wa mtaa mzima, anakula kwa muuza samaki analala kwa fundi cherehani na hakuna anayeuliza usiku alikuwa wapi. Huku usiku una wenyewe. Kuna mbwa wanaotembea makundi, kuna fungo, kuna nyoka, halafu kuna sisi binadamu na sumu zetu.

Kabla ya Chausiku nilikuwa na Sultani. Dume, rangi ya chungwa iliyopauka, kichwa kikubwa, alikuja mwenyewe tu siku moja akakaa mlangoni kama mtu aliyetumwa. Nilikuwa nasema dume hafungwi, na kila mtu alikuwa ananiambia hivyohivyo. Magharibi ikishaadhiniwa anajinyoosha anapita chini ya geti anapotea, alfajiri namsikia anavyotua kwenye bati, pu, halafu kucha kwenye mlango. Ile sauti ya bati ndo ilikuwa inaniamsha kabla hata ya adhana. Alikuwa anarudi na majeraha, leo sikio limechanika, kesho kachechemea, kuna siku shavu lilivimba mpaka jicho likafumba na dokta wa mifugo akalipasua likatoka usaha kijiko kizima. Akaniambia jino la paka ni jembamba kama sindano, likichoma ngozi juu panafunga haraka na uchafu unabaki ndani unaoza. Akaniambia pia kuna virusi wanaambukizana paka kwa paka kwa kung'atana, vinamaliza kinga ya mwili, binadamu havimpati lakini paka havimtoki tena. Nikasikia, nikalipa, nikarudi nyumbani, na jioni nikamfungulia mlango kama kawaida. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku aliyokufa bati halikulia. Nilisali nikasubiri, nikachemsha chai nikasubiri, saa kumi na mbili na nusu ndo nikamkuta nyuma ya tanki la maji amelala ubavu, udenda unamtoka, miguu ya nyuma inatetemeka, macho yamefunguka yote ila hanioni. Nilimfunga kwenye khanga nikatoka mbio kutafuta bodaboda, tukafika barabara ya lami akawa ameshapoa mikononi mwangu. Jana yake alipita yule jamaa na spika yake, sumu ya panya, sumu ya mende, sumu ya kunguni, inajirudia yenyewe mchana kutwa, na majirani tulinunua. Narudia, tulinunua, maana hata mimi nilikuwa nayo juu ya kabati la jikoni, sijaitega bado, panya walikuwa wametoboa gunia la mchele. Kwa hiyo sina jirani wa kumnyooshea kidole. Baadaye dokta akanielewesha kwamba hizi sumu haziko namna moja. Kuna zile zinazozuia damu kuganda, mnyama unamuona mzima siku mbili tatu kumbe ndani anavuja, hiyo ukimuwahisha anatibiwa kwa vitamini K na anaweza kupona. Na kuna zinazoshika mishipa ya fahamu, hizo ndo za udenda na kutetemeka, na hizo hazikupi nafasi. Sultani tulimzika chini ya mpapai, mwanangu akaweka na bakuli lake.

Chausiku alikuja miezi minne baadaye, usiku wa mvua, kipaka cha kukaa kiganjani, mwanangu kamsikia analia kwenye mtaro na jina akampa palepale. Huyu nilijifunza, nikampeleka chanjo ya kichaa cha mbwa, na alipofika miezi mitano nikamhasi, maana dokta alisema jike anaweza kubeba mimba akiwa bado mwenyewe mtoto, na mimba yenyewe ni kama siku 63 tu, ukizubaa mwaka mmoja unajaza nyumba. Lakini usiku nikaendelea kumwachia. Nilijiambia huyu ni jike, kahasiwa, haendi mbali. Na ni kweli hakuwa anaenda mbali. Alikuwa anaishia kwenye mkorosho.

Sasa hapa ndo penyewe. Siku 19 zilizopita asubuhi nafungua mlango niende kufagia uwanja, nakanyaga kitu laini kwenye zulia la mlangoni. Nikadhani panya. Nikainama. Alikuwa mtoto wa komba, mdogo, ukimweka kiganjani vidole vinafunga. Manyoya ya kijivu yamelowa mate, mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe, na vidole, jamani vile vidole, ni vidole vya mtu kabisa, vina kucha bapa, mkono mmoja umefumba kama mtoto mchanga anavyofumba. Macho makubwa ya kahawia yako wazi yananiangalia na hayaoni. Chausiku kakaa pembeni yake anajilamba, anasubiri nimsifu, maana kila akileta panya namsifu na kumpa dagaa.

Sikumpiga wala sikumfokea, angejuaje yeye. Nilikaa pale kwenye ngazi sijui dakika ngapi. Komba mama akienda kutafuta chakula usiku huwa anambeba mtoto kwa mdomo, anamweka kwenye tawi, anamwacha hapo atulie kimya, halafu anarudi kumchukua. Nilikuwa najua hilo toka zamani, babu yangu alikuwa mgema na yeye na komba walikuwa na vita vyao juu ya tembo la mnazi, kwa hiyo stori za komba nimekua nazo. Kwa maana hiyo usiku ule kuna aliyerudi kwenye tawi akakuta hakuna kitu. Na usiku uliofuata kuna komba mmoja alilia kwenye ule mkorosho mpaka saa nane. Inawezekana walikuwa wanaitana tu kama siku zote, sitaki kumtia mnyama maneno mdomoni, ila mimi mwenye mtoto nililala nikiusikia ule mlio kwa sikio lingine.

Kesho yake saa moja na nusu nikafunga mlango wa uani, Chausiku yuko ndani.

Wiki ile ya kwanza ilikuwa ngumu kweli. Analia. Si ule mlio wa njaa, ni mlio mrefu wa kuuliza, anakwenda mlangoni anarudi ananiangalia usoni anakwenda tena. Wavu wa mbu wa dirisha la sebuleni aliuchana usiku wa pili, tukaliwa na mbu, ikabidi nimwite fundi aweke wavu wa chuma kwa ndani ya nondo. Usiku wa tatu umeme ukakatika, joto, mwanangu anageuka geuka ana shule asubuhi, paka analia, nikanyanyuka nikashika komeo kabisa. Nikasikia mbwa wanapita nje ya ukuta, wanapumua, kucha zao kwenye kokoto. Nikaliachia komeo nikarudi kukaa. Dokta alishaniambia nikifungua siku moja kwa sababu ya kelele nitakuwa nimemfundisha kwamba kelele ndo ufunguo, na kweli usiku wa nane akanyamaza.

Lakini lililonisumbua kuliko kelele ni simu ya bibi. Bibi yangu yuko Pangani, mtu wa Qur'ani, na paka kwake hawapungui watano. Nikamwamkia, nikamsimulia, akanyamaza kidogo halafu akasema mjukuu wangu, umesahau kuna mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka? Sikuwa nimesahau, hadithi hiyo tulisomeshwa madrasa wote, mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa. Nikamwambia bibi mimi simuui, akasema sijasema unamuua, nimekukumbusha tu, kiumbe ukikifungia umekibeba wewe. Nilikata simu nikiwa sina raha kabisa, usiku ule kila nikimuona Chausiku mlangoni namuona yule mwanamke.

Ijumaa nikamfuata ustadhi wa mtaani kwetu, anayewasomesha watoto. Akanisomea yote mpaka mwisho na kunifafanulia, kwamba yule mwanamke alimfungia asimpe chakula wala maji, wala asimwachie akajitafutie wadudu wa ardhini. Akasema dada, angalia vizuri maneno, kosa ni kufunga mlango na kumwacha na njaa. Nikashusha pumzi. Ila palepale akanikumbusha na ile nyingine ya sahaba Abu Qatada, paka alikuja kunywa maji yake ya udhu naye akamwinamishia chombo anywe vizuri, akasema Mtume kasema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukia. Wanaowazungukia. Hilo neno nilirudi nalo nyumbani. Kiumbe ameitwa mzungukaji, halafu mimi namzuia kuzunguka.

Binamu yangu aliyeko Ujerumani nilipomsimulia akaniambia huko kuna mji unaitwa Walldorf, mwaka 2022 mamlaka waliwaamuru watu wafungie paka ndani mpaka mwisho wa Agosti, mchana na usiku, kisa kuna ndege wadogo wanaotaga chini na wamebaki wachache sana. Na Canberra kule Australia kuanzia Julai 2022 paka mpya yeyote sheria inataka akae ndani ya eneo la mwenyewe muda wote. Mimi sifiki huko. Paka akae ndani saa 24 na jua la Mungu asilione, hapana, nyumba zetu zenyewe hizi za vyumba viwili vitatu na bati juu, mwezi wa pili hapakaliki hata na mtu. Lakini nilifarijika kujua kwamba kuna watu wengine wanakosa usingizi kwa jambo hili hili, maana hapa mtaani nikilitaja wananiona nina muda wa kupoteza. Jirani mmoja aliniambia paka wa kufungiwa hakamati panya. Nikamwambia panya wanaonila mimi wako ndani ya nyumba, sio kwenye mkorosho, na ni kweli toka ameanza kulala ndani jikoni kumetulia, siku ya sita alimkamata mmoja nyuma ya mtungi wa gesi.

Kuna na wale wanaosema usimguse paka usiku, huwezi kujua kama ni paka kweli. Zamani huo uoga ulikuwa unawalinda, mtu anaogopa kurusha jiwe. Siku hizi naona umegeuka, paka akikatiza usiku karibu na nyumba yenye mgonjwa anapigwa na kuitwa mchawi. Hilo nalo nimeliweka kwenye mzani.

Kwa hiyo sasa ratiba yetu ni hivi. Saa kumi na mbili jioni yuko nje, anawinda panzi, anabiringika mchangani, nafahamu magharibi na alfajiri ndo saa zake hasa za kuwinda, damu yake inachemka hapo, kwa hiyo siwezi kumwingiza tu halafu nikamwambia lala. Namwingiza kwa kamba. Nimefunga manyoya ya kuku mwisho wa kamba, mwanangu anakimbia nayo korido nzima, Chausiku anaruka anakamata anang'ata, dakika ishirini mpaka wote wawili wako hoi. Halafu ndo chakula, ugali kidogo na dagaa wengi au kichwa cha samaki kilichochemshwa, kwa hiyo anakamata kwanza kisha anakula, kama angekuwa porini. Maji bakuli mbili. Beseni la mchanga liko bafuni, mchanga ule uliobaki wakati wa ujenzi, nauchekecha asubuhi nabadilisha Jumamosi. Kazi ipo. Bibi alisema kweli, nimembeba.

Sumu niliyokuwa nayo nimeifukia mbali na kisima. Majirani wawili nimewaomba wakitega waweke ndani ya kopo lenye tundu dogo na panya aliyekufa wamfukie, mmoja kakubali, mwingine kaniambia atafikiria.

Jana niliongea na bibi tena. Akaniuliza anakula? Nikamwambia anakula bibi. Analala wapi? Miguuni kwa mwanangu. Akaguna. Akasema basi muwekee dirisha moja wazi aone nje, usimfungie na kuona.

Ndo maana leo nimelifungua hilo la upande wa mkorosho, wavu wa chuma upo, upepo wa bahari unaingia mwembamba wenye harufu ya korosho mbivu. Nimezima taa ili aone vizuri. Mimi sioni kitu, naona kiza tu na matawi, ila yeye anaona, pua imegusa wavu, na juu kule kuna mwingine kamjibu wa kwanza, wanalia wawili sasa. Nimevuta kiti changu nikakaa karibu naye. Alfajiri ikiadhiniwa nitamfungulia.