Nilivyouza mashine za karakana ya shule bila kuzipima kwa kilo

Kila niliyemwuliza alinipa jibu lile lile: "Ticha, ita watu wa vyuma chakavu, wapime, wakulipe, ukalale." Mkuu wa shule alisema hivyo. Shemeji yangu wa Nkuhungu alisema hivyo. Dalali mmoja wa Majengo, ambaye naapa hajawahi kusimama mbele ya mashine ya kukereza (ile inayozungusha chuma au mbao huku kisu kikichonga) maishani mwake, aliipiga teke mguuni akasema, "Hii kilo mia tatu, basi." Kwa uzito sibishani naye. Ila kuuza mashine ya kukereza kwa kilo ni kuuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya ngozi.

Shule yetu ni ya binafsi, iko nje kidogo ya mji wa Dodoma, na karakana ilikuwa inageuzwa chumba cha kompyuta. Bodi ikakaa, muhtasari ukaandikwa, nikapewa hadi likizo ya Juni iishe. Kama yako ni ya serikali usiniige, mali ya umma ina taratibu zake na utajikuta unajieleza mahali pabaya. Nilikuwa na Boxford moja ya kukereza chuma, zile zilizotengenezwa Halifax, Uingereza, na kupendwa sana kwenye karakana za shule. Kerezo la kuchongea mbao. Drili ya kusimama. Msumeno wa duara. Na majiliwa manane, yale ya kubania chuma mezani, saba yana kutu na moja halina mpini.

Sasa aibu yangu. Nilifikiri mteja anataka kitu king'ae. Nikanunua kopo mbili za rangi ya kijani, msasa, na brashi, nikajifungia Jumamosi nzima. Nilisugua reli za kitanda cha mashine kwa msasa mpaka zikawaka kama sinia la pilau. Nikapaka kijani mwili mzima. Nikapaka mikono ya kuzungushia. Nikapaka, Mungu anisamehe, hata zile pete zenye namba za vipimo, kwa sababu jua lilikuwa limezama na mimi nimeshanogewa. Jumapili nikapiga picha, nikaweka stetasi ya WhatsApp, nikajiona mfanyabiashara.

Jumatatu akaja mzee mmoja mstaafu wa Ilazo, mmoja wa wale waliohamia Dodoma na wizara kutoka Dar, sasa anajiburudisha kwa kutengeneza vijiinjini vya mvuke vinavyokaa kiganjani. Hakutazama rangi. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya reli, polepole, kama daktari anayetafuta mbavu iliyovunjika. "Mwalimu, umepitisha msasa hapa?" Nikasema ndiyo, kwa fahari. Akanyamaza. Akainama kwenye pete ya vipimo, akaona kijani kitupu. "Na hapa nisome nini?" Akaniaga vizuri sana, na huo uzuri ndio ulioniuma.

Usiku ule nikaelewa. Mtu anayekereza kwa burudani hanunui sura. Anataka kuona ilipochakaa, ajue atahangaika na nini. Rangi mpya kwake ni mtu aliyevaa miwani ya jua usiku, lazima kuna jicho linalofichwa. Nilitumia wiki nzima na lita kadhaa za tina kuirudisha ilivyokuwa. Kwa bahati, msasa wangu ulikuwa laini na mkono wangu mvivu, madhara hayakuwa makubwa. Reli zisafishwe kwa mafuta ya taa na kitambaa, basi. Na hewa yetu hii kavu ya Dodoma inasaidia, chuma kingekuwa Tanga kingekuwa kimekwisha.

Majiliwa ndiyo yaliyonipa raha. Nilinunua magadi sokoni, yale yale ya kulainishia maharage, nikayakoroga kwenye ndoo kubwa ya plastiki yenye maji. Jiliwa likazama ndani likiwa limefungwa waya wa hasi wa chaja ya betri ya gari. Waya wa chanya nikaufunga kwenye kipande cha nondo, visigusane. Ukiwasha, mapovu yanaanza kama soda. Asubuhi kutu imekuwa tope jeusi, unafuta kwa brashi, na jina la kiwanda linasomeka. Fanya nje, ile hewa inayotoka inashika moto, na upande wa chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kinatoa sumu. Na ukikosea waya, utakula jiliwa badala ya nondo. Nililila moja. Ndiyo maana nasema manane lakini niliuza saba.

Kisha gia. Mashine ile huja na gia za kubadilisha, ukitaka kukata nyuzi za skrubu za vipimo tofauti. Bila hizo bei inashuka vibaya. Sanduku lilikuwa tupu. Nikamwuliza mlinzi, akacheka: mbili zilikuwa uzito wa mizani ya watoto, moja imekandamiza bati la banda la kuku. Kabla hujataja bei, zunguka shule nzima ukitazama chini na juu ya mabati.

Kikwazo kikubwa kilikuwa mota. Ni ya fezi tatu, na nyumbani kwa watu kuna fezi moja. Fundi wa kwanza aliweka kapasita: ikazunguka, ikanguruma, ikanuka. Wa pili, kijana anayesuka mota pale karibu na Sabasaba, aliifungua akaona nyaya zimeunganishwa kwa nyota ndani kwa ndani, yaani ncha tatu zimekutana kwenye fundo moja, nje zinatoka tatu tu. Akalichimbua lile fundo, akatoa ncha sita, akaziunganisha kwa delta, yaani pembetatu, ili itosheke na volti 230. Tukaipa inveta ndogo inayopokea fezi moja na kutoa tatu. Ikaamka bila kelele. Tena mwendo unaongezwa na kupunguzwa kwa kitufe! Yote ilinigharimu kama laki tano na kitu, sikuweka risiti.

Nikampigia mzee wa Ilazo. Safari hii sikumwambia chochote. Niliweka kipande cha shaba kwenye taya, nikawasha, nikampa mkono wa kuzungushia. Akakata. Uzi wa shaba ukatoka mrefu, umejikunja kama nywele za mtoto, akaushika akauzungusha mkononi akisahau kwamba nipo. Nilitaja milioni tatu na nusu, tukaachana kwenye mbili na ushee na nikamwongezea gia zote.

Kerezo la mbao alilichukua dada mmoja muuguzi wa Kisasa anayekereza mabakuli akitoka zamu ya usiku, anasema ndiyo dawa yake ya usingizi. Drili na majiliwa mawili vilikwenda kwa mzee wa Chamwino anayetengeneza malimba na mazeze, ala za muziki za Wagogo. Aliingia na "Mbukwenyi!" yake, salamu ya Kigogo, akakagua kila kitu kwa kukigonga na kusikiliza, na sehemu ya malipo alinipa kwa ilimba. Pesa iliyopungua niliilipa shule mimi mwenyewe, msiniulize. Msumeno wa duara ndio pekee uliokwenda kwa kilo, kwa ridhaa yangu: kinga yake ilishapotea, na sitaki kusikia vidole vya mtu.

Kubeba: Kirikuu kinatosha, lakini toa mota kwanza, mashine ile ni nzito juu na inapenda kulala ubavu. Chini tuliivingirisha juu ya vipande vya bomba la maji.

Juzi mzee wa Ilazo alipiga simu saa nne usiku. Anauliza kijani kilichobaki ndani ya namba saba nakitoaje.